Kufuma na Kufumua: Somo la Sindano Mbili Wakati wa Dhiki

Mwanafunzi wa siku ya kwanza huukaba uzi kana kwamba utamtoroka. Mabega yanampanda, viganja vinatoka jasho, na sindano zinazoteleza mikononi mwa fundi kwake zinakwama kila hatua. Amepewa vitanzi 20. Anachoma sindano ya kulia katika kitanzi cha kwanza, anauzungusha uzi, anauvuta upenye, kisha anakiachia kitanzi cha zamani kidondoke. Hatua ni hizo nne tu, zikirudiwa. Baada ya nusu saa anahesabu na kukuta vitanzi 27. Vile saba hajui vimetoka wapi. Kitambaa kilichoanza na upana wa kiganja kimepanuka juu kama faneli, na katikati yake kuna tundu la kupitisha kidole.

Mwalimu aliyezoea hakemei. Anaichomoa sindano, anaushika uzi na kuuvuta taratibu. Mistari inafumuka mmoja baada ya mwingine mpaka kazi yote ya nusu saa inalala mapajani, uzi mtupu, umejikunjakunja lakini haukupungua hata inchi. Mwanafunzi hushtuka. Kazi imevunjwa yote na hakuna kilichopotea. Anaanza upya, na safari hii vidole vinakumbuka kitu.

Mhadhara huu unahusu dakika hiyo. Hoja yake ni kwamba kuwafundisha watu kufuma ni msaada wa kweli kwa wenye msongo wa mawazo, na kwamba nguvu ya msaada huo haimo katika sweta linalopatikana mwishoni. Imo katika mwendo wa mikono, imo katika kukaa ubavuni mwa mtu mwingine, na zaidi ya yote imo katika kujifunza kufumua bila kuona aibu.

Mswahili ana bahati hapa, kwa kuwa lugha yake imekwisha kufanya nusu ya kazi. Kufuma kuna mwenzake kufumua, kama kufunga kulivyo na kufungua na kuziba kulivyo na kuzibua. Uzi uliochanganyikana umetatana. Kuuweka sawa ni kuutatua. Katika ukoo huo huo limo neno tatizo, linalotamkwa kila siku ofisini na hospitalini pasipo mtu kukumbuka nyuzi. Hata msongo ni neno la mikono. Kusonga ni kubana na kukaza pamoja, ndiyo maana nywele husongwa na ugali husongwa. Anayelalamika kwamba ana msongo wa mawazo anasema mawazo yake yamekazwa yakabanana, na kitu kilichobanana hakitaki kupigwa wala kukatwa. Kinataka mtu mwenye subira akilegeze, atafute ncha, avute uzi mmoja.

Kitanzi nacho ni neno zito. Wengi hulisikia katika habari za msiba. Kwenye sindano lina maana yake nyepesi, yaani uzi uliozungushwa ukaacha nafasi ya uzi mwingine kupita. Sweta zima ni nafasi hizo, maelfu kwa maelfu, kila kitanzi kimeshikwa na kile kinachokifuata.

Mmoja wa watu waliolifuatilia jambo hili kwa bidii ni Betsan Corkhill wa Bath, Uingereza. Alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia, akaiacha kazi ya hospitali, akaingia katika uhariri wa magazeti ya kazi za mikono. Huko alikutana na barua za wasomaji. Nyingi hazikuuliza habari za mitindo ya sweta. Zilieleza maumivu ya mgongo yasiyokwisha, huzuni, usiku usio na usingizi, na jinsi sindano mbili zilivyowavusha walioziandika. Mtu mwingine angezisoma na kuzitupa. Corkhill alizichukua kama ushahidi unaongoja kupimwa. Mwaka 2005 alianzisha Stitchlinks, mtandao wa watu wanaofuma kwa ajili ya afya, na baadaye akaendesha kikundi cha kufuma kwa wagonjwa wa maumivu sugu katika hospitali ya Royal United mjini Bath.

Mwaka 2013 yeye na wenzake, Jill Riley na Clare Morris, walichapisha katika jarida la Uingereza la tiba kwa njia ya shughuli matokeo ya maswali waliyowauliza wafumaji 3,545 wa nchi mbalimbali. Waliofuma mara nyingi zaidi kwa wiki walieleza utulivu na furaha zaidi, na waliofuma katika kikundi walisema uhusiano wao na watu wengine umenufaika pia. Utafiti huo una mipaka yake, na ni haki kuitaja. Waliojibu ni wapenzi wa kufuma, na walijieleza wenyewe. Anayeichukia sindano hakujaza fomu. Hata hivyo watu 3,545 wanaoeleza kitu kilekile kwa maneno yanayofanana si jambo la kupuuzwa.

Ushahidi mdogo lakini wa karibu zaidi ulitoka Kanada mwaka 2009. Wanawake 38 waliokuwa wamelazwa kwa ugonjwa wa kujinyima chakula walifundishwa kufuma. Ugonjwa huo huja na fikra zinazomzunguka mgonjwa mchana kutwa kuhusu mwili na chakula, fikra ambazo kumwambia aziache ni sawa na kumwambia mtu mwenye homa apoe. Asilimia 74 kati yao walisema kwamba wanapofuma makali ya hofu na fikra zile hupungua. Huko Marekani, watafiti wa Mayo Clinic waliwachunguza wazee 1,321 wenye umri wa miaka 70 hadi 89, na mwaka 2011 wakaandika kwamba wale waliokuwa na kazi za mikono kama kufuma na kushona vitambaa vya viraka walionekana kuwa na uwezekano mdogo wa kudhoofika kumbukumbu kuliko wenzao. Huenda ni mikono iliyoilinda akili, au ni akili nzima iliyoiruhusu mikono iendelee. Kwa mzee anayetafuta la kufanya baada ya alasiri, tofauti hiyo haipaswi kumchelewesha.

Kwa nini mwendo mdogo namna hii uuguse moyo? Herbert Benson, daktari wa moyo wa Harvard, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba mwili una hali ya kutulia iliyo kinyume cha ile ya kushtuka na kukimbia, na kwamba moja ya njia za kuifikia ni kurudia kitu kimoja, neno au mwendo, huku fikra zinazoingia zikiachwa zipite. Mwenye kuvuta tasbihi anaijua hali hiyo, na mwenye kusali rozari pia. Mfumaji huifikia kwa vidole. Anayejua kazi hahitaji kuifikiria, lakini pia hawezi kuiacha kabisa, maana kitanzi kimoja kikidondoka hushuka mstari hadi mstari kikiacha kitu kama ngazi. Akili inapewa kazi inayotosha kuizuia isizurure, na haitoshi kuichosha.

Kuna jambo jingine, ambalo watafiti huligusa kwa haraka na ambalo watu wa pwani wanalijua vizuri zaidi kuliko wao. Anayefuma ana ruhusa ya kutomtazama mtu usoni. Macho yako kwenye kazi, midomo iko huru. Katika jamii ambamo kumkazia macho mkubwa ni utovu wa adabu, na ambamo mambo ya ndoa, deni na uchungu wa mimba iliyoharibika husemwa kwa sauti ya chini au hayasemwi kabisa, ruhusa hiyo ina thamani kubwa. Wanawake wa pwani wanaokaa barazani jioni kusuka ukili kwa ajili ya mikeka wameitumia vizazi na vizazi. Wanaume wanaodarizi kofia, tundu kwa tundu, kazi ya majuma mengi kwa kofia moja, wameitumia. Huko bara, mama wa Kikuyu au Kikamba anayesuka kiondo huku akitembea kwenda sokoni na jirani yake ameitumia pia. Mtu anasema neno zito, kisha anahesabu nyuzi. Aliyelisikia naye anahesabu nyuzi. Ukimya unaofuata haumtishi yeyote kwa sababu mikono inaendelea.

Madaktari waligundua matumizi ya jambo hili kwa kuchelewa, na vita ndivyo vilivyowasukuma. Mwezi Machi 1917, watu wachache walikutana Clifton Springs, jimbo la New York, wakaunda chama cha kuendeleza tiba kwa njia ya shughuli. Mwaka uliofuata wanawake waliofunzwa kazi hiyo walipelekwa Ufaransa kuwahudumia askari wa Marekani. Katika hospitali ya kijeshi namba 117 huko La Fauche, iliyopokea askari waliovunjika akili kwa mizinga, karakana ilikuwa sehemu ya matibabu. Mtu ambaye mikono yake ilikuwa ikitetemeka alipewa kitu cha kuishughulisha. Fani iliyozaliwa hapo ipo hadi leo katika hospitali za Afrika Mashariki, ingawa wagonjwa wengi hawajui kwamba ipo.

Mfano unaostahili kuzungumziwa kwa kirefu uko Harare.

Dixon Chibanda ni daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe. Mwaka 2005 mgonjwa wake mmoja alijiua. Familia ilikuwa imepanga kumleta hospitalini ikashindwa kwa kukosa nauli ya basi, dola 15. Chibanda amesimulia hadharani jinsi kifo hicho kilivyomgeuza. Aliona kwamba daktari anayesubiri ofisini anawasubiri wenye nauli tu. Mwaka 2006 alipotakiwa kuanzisha huduma Mbare, kitongoji chenye msongamano mkubwa wa watu, hakupewa jengo, wala fedha, wala wauguzi. Alipewa akina bibi 14, wahudumu wa afya wa kujitolea. Wakaweka benchi la mbao nje ya kliniki. Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili, na watu wakalipita mbali. Akina bibi ndio waliosema jina lile halitamkalisha mtu. Likaitwa Chigaro Chekupanamazano, benchi la kupeana mashauri. Kwa Kiingereza linajulikana kwa jina lenye maana ya Benchi la Urafiki.

Washona wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mswahili husema tu kwamba ana mawazo, na kila mtu anaelewa kwamba si mawazo ya kawaida. Bibi wa benchini hamwambii mgeni kwamba ana ugonjwa. Anamsikiliza mpaka matatizo yake yote yatoke, kisha wanachagua moja, moja tu, na kutafuta hatua inayowezekana wiki hii. Wataalamu huiita tiba ya kutatua matatizo. Msomaji wa Kiswahili akilisikia jina hilo kwa masikio ya mfumaji anaiona kazi yenyewe, kwani tata zima liko mapajani na vidole vinaitafuta ncha moja.

Mwezi Desemba 2016 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika kliniki 24 za Harare kwa watu 573. Baada ya miezi sita, waliopata huduma ya kawaida asilimia 49.9 bado walikuwa na dalili za sonona. Kwa waliopitia benchini ilikuwa asilimia 13.7.

Takwimu hizo ni za benchi na mazungumzo, na asizichukue mtu akadai ni za kufuma. Sehemu inayouhusu mhadhara huu inakuja baadaye. Aliyemaliza zamu zake na bibi hualikwa katika kikundi kiitwacho Circle Kubatana Tose, maana yake kushikana pamoja. Huko anawakuta watu waliokwisha kulikalia benchi lilelile. Wanakaa duara, na wakati wanazungumza wanafuma mikoba kwa sindano yenye ndoano, ile inayojulikana Afrika Mashariki kwa vitambaa vya makochi. Nyuzi zenyewe hutokana na plastiki iliyokwisha kutumika. Mgeni hufundishwa na mwenzake. Aliyefika mwezi uliopita bila kuweza kusema jina lake kwa sauti anajikuta anashika vidole vya mwingine na kumwonyesha ndoano inapoingilia.

Hapa ndipo neno kufundisha linapopata uzito wake. Kupokea msaada ni jambo jema, lakini humweka mtu upande wa chini wa mkono. Kufundisha humvusha. Kwa dakika kumi mgonjwa wa jana ndiye anayejua, na mbele yake yuko mtu anayehitaji kitu alicho nacho. Waliobuni kikundi hiki walifanya uamuzi wa busara walipokataa kuwaacha watu warudi nyumbani na ahueni yao peke yao.

Mpango wa benchi umefika Malawi, umefika Zanzibar, na umevuka hadi New York. Kwa Zanzibar hakuna haja ya kuagiza sehemu ya pili, yaani duara la kazi za mikono, kutoka Harare. Visiwa vina wadarizi wa kofia na wasukaji wa ukili tele. Kinachotakiwa ni kuwakalisha karibu na benchi.

Mbali sana na hapo, katika bandari ya wavuvi ya Kesennuma nchini Japani, mawimbi ya tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 yaliua zaidi ya watu 1,000 na moto ukateketeza sehemu ya mji. Walionusurika walijaa katika kumbi za hifadhi, familia kando ya familia, bila kazi na bila faragha. Martina Umemura, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kyoto, aliwapelekea nyuzi na sindano. Zawadi hiyo inaweza kuonekana nyepesi kwa mtu aliyepoteza nyumba. Lakini ndani ya ukumbi uliojaa watu, kufuma ni miongoni mwa kazi chache zisizopiga kelele, zisizohitaji umeme, zinazotosha katika nafasi ya mkeka mmoja, na zinazompa mtu sababu ya kuamka kesho: mstari haujaisha.

Mwaka 2012 mwanamke mwingine, Tamako Mitarai, alianzisha mjini humo mradi wa Kesennuma Knitting. Wanawake wa bandari wanafuma kwa mkono masweta ya vifungo yanayouzwa zaidi ya yen 100,000 moja. Hakuuza huruma. Alitafuta mbunifu hodari na uzi mzuri, akawafunza wafumaji mpaka kazi yao ikastahili bei hiyo.

Bei hiyo inaleta suala ambalo miradi mingi ya Afrika Mashariki hulikosea. Mara nyingi wanawake waliopitia vita, ukatili au kufiwa hufundishwa kufuma kwa ahadi ya kipato. Baada ya miezi mitatu wana skafu 40 na hawana mnunuzi, kwa sababu sokoni sweta la mtumba lililofumwa kwa mashine linauzwa kwa bei ndogo kuliko uzi walionunua. Mradi unafungwa, na mtu aliyekuja na msongo anaondoka nao pamoja na deni. Kosa halikuwa la sindano. Kilichoahidiwa ni biashara pasipo soko, na kile ambacho somo lingeweza kutoa kwa hakika, utulivu na watu wa kukaa nao, hakikuhesabiwa kuwa ni kitu. Anayetaka kuuza na afanye kama Mitarai, aanze na mnunuzi na ubora. Anayetaka kutuliza mioyo aseme hivyo tangu siku ya kwanza, na asione haya kwamba matokeo ni mfuko mmoja wa simu na usingizi wa saa sita.

Wanawake wa Rwanda waliufanyia kazi uwiano huo wa soko na utulivu kwa vikapu. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, Janet Nkubana na dada yake Joy Ndungutse waliwakusanya wasukaji wa agaseke, kikapu cha kifuniko chenye ncha ambacho kimo hata katika nembo ya taifa. Wajane na wake za waliofungwa walikaa wakisuka pamoja, na vikapu vikauzwa Marekani katika maduka ya Macy's. Kikapu kilipata soko kwa kuwa kilikuwa kizuri. Kukaa pamoja kulianza kabla ya soko.

Kuna wanaodhani haya yote ni mambo ya wanawake. Wakitembea mjini kwao wataona nani amekaa nyuma ya cherehani kwenye vibaraza vya maduka. Katika kisiwa cha Taquile, katika ziwa Titicaca nchini Peru, kufuma kwa sindano ni kazi ya wanaume. Wavulana hujifunza tangu wadogo, na UNESCO iliutambua ufundi wa kisiwa hicho mwaka 2005. Karibu na mji wa Baltimore, Marekani, mstaafu aitwaye Lynn Zwerling alizunguka kwa miaka akitafuta gereza litakalomruhusu kuwafundisha wafungwa wanaume kufuma. Mwishoni mwa 2009 gereza la Jessup lilimkubalia. Wanaume wale walifuma wanasesere wa kuwafariji watoto, kisha kofia. Na mwezi Agosti 2021 dunia ilimwona Tom Daley, mpiga mbizi wa Uingereza aliyekwisha kushinda dhahabu siku chache kabla, amekaa jukwaani kwenye Olimpiki ya Tokyo akifuma. Alikuwa amejifunza mwaka uliotangulia, wakati wa janga la korona, na alijifumia kifuko cha kuitunzia medali yake isikwaruzike. Michelle Obama naye alijifunza katika kipindi hichohicho, akaeleza katika kitabu chake cha mwaka 2022 jinsi sindano zilivyomsaidia alipozidiwa na habari za dunia.

Afrika Mashariki inazo kumbukumbu zake za kufuma, na si zote tamu. Waliosoma Kenya chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, wanazikumbuka kazi za mikono zilizopewa alama. Tanzania ilikuwa na Stadi za Kazi. Wapo waliofuma kwa spoki za baiskeli zilizonolewa ncha kwa kusugua sakafuni, kwa kuwa sindano za dukani hazikununulika. Wengi walijifunza, na wengi walijifunza pia kuogopa, maana kitambaa kilichopinda kilipelekwa mbele ya darasa kikaonyeshwa.

Somo la kutuliza akili linakwenda kinyume na hilo, na mwalimu anapaswa kujua tofauti kabla hajaketi. Anakaa ubavuni, upande mmoja na mwanafunzi, mikono yote minne ikielekea huko huko. Akikaa mbele, mwanafunzi ataona kila kitu kinyume na atajiona mjinga. Uzi uwe mnene na wa rangi nyepesi, kwani katika uzi mweusi vitanzi havionekani na macho huchoka upesi. Sindano za milimita tano au sita zinatosha, na vijiti vya mianzi vilivyosuguliwa kwa msasa vinafaa vilevile. Asitoe alama. Asimnyang'anye mtu kazi mkononi ili amrekebishie. Amwekee vidole juu ya vidole vyake, akiomba ruhusa kwanza, kwa sababu katika kikundi cha watu walioumizwa wapo wasiotaka kuguswa. Na siku hiyo hiyo ya kwanza, kabla kazi haijawa nzuri kiasi cha kuonewa uchungu, amfundishe kufumua. Anayefundishwa kufumua baada ya kufuma mistari 100 hulia. Anayefundishwa akiwa na mistari minne hucheka, na tangu siku hiyo kosa kwake si msiba tena.

Ndiyo sababu mhadhara huu umeiweka dakika hiyo mbele ya takwimu zote. Mtu mwenye msongo huishi na imani kwamba kilichoharibika hakirudi na kwamba kila kosa ni hukumu. Kumhubiria kinyume chake hakusaidii sana. Mpe uzi, auvute mwenyewe, aone mapajani mwake kwamba umebaki wote.

Mipaka ipo na isifichwe. Asiyelala kwa wiki nzima, asiyekula, anayesikia sauti, au anayesema heri afe, apelekwe hospitalini leo, sindano zitamngoja. Anayefuma saa nyingi bila kupumzika ataumia viwiko na shingo, kwa hiyo kila nusu saa ainuke anyooshe mikono. Na kikundi chenye msimamizi anayesambaza siri za watu ni bora kisiwepo kabisa.

Kinachoombwa hapa ni kidogo kuliko kile ambacho zahanati, shule, vyuo, misikiti na makanisa ya Afrika Mashariki hutumia kwa semina moja ya siku mbili. Sindano jozi 12, mabunda 12 ya uzi, mkeka au benchi, na mama mmoja au baba mmoja wa mtaani anayejua kufuma na anayejua kunyamaza. Watu hao wapo Makete na Njombe kwenye baridi, wapo Limuru, wapo Lushoto. Waombwe. Na msomaji ambaye hana kikundi karibu asingoje kianzishwe: atafute jirani anayejua, aanze na vitanzi 20, na kabla ya kufika mstari wa tano aichomoe sindano, avute uzi, aanze tena.